Gereji ya Jomvu iliyonigeuzia basi la shule kuwa nyumba ya safari

Kwa mwenye haraka, neno langu ni hili: kama una basi kuukuu na unataka ligeuke nyumba ya kusafiria, wapelekee mafundi hawa wa Jomvu. Kwenye chuma sijaona wa kuwashinda hapa Mombasa. Kwenye umeme wasimamie mwenyewe, na sababu nitaieleza.

Bango hawana. Ni uwanja uliozungushiwa mabati, ndani kidogo ya barabara kuu ya Nairobi, na ukiuliza kwa Mzee wa mabasi utaonyeshwa. Mzee ndiye fundi mkuu. Ana wachomeleaji, makanika, seremala mwenyeji wa Lamu, na kijana wa umeme anayeitwa siku za haja.

Mimi ni mpishi wa harusi, nakaa Majengo. Kazi hunipeleka Msambweni, Kilifi, Malindi, mara nyingine Voi hadi Taveta. Mpishi wa biriani hulala pale pale penye masufuria, maana nyama hutiwa viungo usiku na kuni huwashwa kabla ya alfajiri. Miaka mingi nimelala kwenye varanda za watu, juu ya magunia ya mchele, mbu wakinila. Mume wangu aliendesha malori ya masafa marefu mpaka Malaba, kwa hivyo dereva ninaye ndani ya nyumba. Basi tulipopata Isuzu NQR ya viti 33 iliyostaafu kubeba wanafunzi, tukaichukua. Gari la shule hutoka asubuhi na jioni, siku nyingine limesimama; injini yake haijachoshwa kama ya matatu.

Nilipolifikisha uwanjani nilikuwa na mchoro wangu mkononi: kitanda hapa, jiko hapa, kabati hapa. Mzee aliutazama kwa heshima, akanirudishia. "Bi mkubwa, vitanda baadaye. Kwanza tulivue."

Wakang'oa viti, wakatoa plaiwudi ya sakafu, bati za ndani ya kuta, hata dari. Zikabaki mbavu tupu. Hapo ndipo nilipojua kwamba gari la pwani huliwa kutoka ndani. Hewa ya bahari ina chumvi, chumvi huvuta unyevu, na unyevu hukaa pale jicho lisipofika: chini ya raba za madirisha, kwenye maungio ya sakafu na ukuta, juu ya magurudumu, ndani ya zile skwea tyubu zenyewe, yaani vyuma vya pembe nne vyenye uwazi ndani vinavyounda mbavu. Nje ile rangi ya njano ilikuwa bado inang'aa. Mzee akapita na nyundo ndogo akigonga tyubu moja moja na kusikiliza. Ikilia vizuri aliiacha, ikitoa mlio mfu aliichora chaki. Upande wote wa mlango ulijaa chaki.

Kuna mafundi ambao hapo wangepiga bati jipya juu ya kutu, wakapaka puti na rangi, na ungeondoka ukifurahi. Hawa walikata kila tyubu iliyooza na kuchomelea mpya. Wakasugua kwa brashi ya waya na grinda, wakapaka rangi ya kuzuia kutu koti mbili, wakapuliza oili ndani ya tyubu kupitia vitundu vidogo. Kila mara kabla ya kuchomelea walifungua waya za betri ya gari kwanza. Mume wangu aliliona hilo akatulia, kwa sababu umeme wa mashine ya kuchomelea unaweza kuua altaneta inayochaji betri na vifaa vingine vya elektroniki.

Jambo moja ndilo lililonifanya niwaamini kabisa. Mabasi yetu mengi ni chesisi ya lori iliyojengewa bodi hapa hapa Kenya, na uzito wote unabebwa na zile reli mbili ndefu za chini. Kingo za juu na za chini za reli ndizo zinazopokea mkazo mkubwa gari linapopinda na kurukaruka. Ukizitoboa au kuzichomelea, ufa unaweza kuanzia papo hapo. Kijana mmoja alikuwa ameshika mashine tayari kuchomelea braketi ya tangi la maji kwenye ukingo wa chini. Mzee alimzuia kwa sauti iliyosikika uwanja mzima. Braketi ikafungwa kwa bolti ubavuni mwa reli, kwenye matundu yaliyotoka nayo kiwandani. Ni kazi ambayo sitaiona tena maishani, iko chini ya gari kwenye matope, na walifanya ilivyopasa.

Kazi yote, ukiacha bei ya basi, ilinigharimu milioni moja na laki tatu hivi, na karibu nusu ya pesa hizo imo chini ya sakafu. Anayekuja na ndoto ya mapazia na taa za mapambo ajiandae kwa hilo.

Upande wa makanika sina mengi. Breki zilifumuliwa zote, majani ya springi yaliyovunjika yakabadilishwa, bushi mpya, injekta zikapelekwa kupimwa. Tairi ndizo nitazitaja, kwa kuwa watu hudanganyika nazo. Meno yalikuwa mazima kabisa, lakini tairi huzeeka hata likisimama. Ubavuni kuna tarakimu nne: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukisoma 2214, limetengenezwa wiki ya 22 ya mwaka 2014. Makanika alinionyesha na tochi, moja baada ya jingine, akakataa kuturuhusu kupanda Mazeras na tairi zile.

Sasa joto. Basi lililosimama juani Mombasa mwezi wa Februari halikaliki. Paa walilipaka nyeupe, na peke yake rangi hiyo inapunguza mengi. Kwenye dari na kuta waliweka bodi za povu gumu lisilonyonya maji, na karatasi ya alumini upande wa ndani. Niliuliza kuhusu ile pamba ya kioo kwa kuwa ni rahisi kuipata. Mzee akanieleza kwamba kwa unyevu wetu ingenywa maji ikakaa nayo nyuma ya mbao, na kutu tuliyoitoa ingerudi kwa mlango wa nyuma.

Kisha madirisha. Nimewahi kuona picha za mabasi ya Marekani ambayo watu wamekuwa wakiyageuza nyumba, wakaziba madirisha mengi kwa ajili ya baridi. Huku kwetu kufanya hivyo ni kujitesa. Waliacha madirisha ya kufunguka pande zote mbili yakitazamana, wakayawekea nyavu za mbu, na juu ya kitanda wakatoboa paa na kuweka feni ya kutoa hewa moto. Mume wangu huegesha ubavu wa gari ukielekea upepo. Ikiwa kaskazi inavuma tunageuza upande mmoja, kusi ikija tunageuza mwingine. Usiku unalala na shuka.

Jikoni ndiko nilikowabana, na haki yao niseme walisikiliza. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi kutafuta dirisha, inashuka na kujikusanya sakafuni, na ndani ya gari lililofungwa hiyo ni hatari kubwa. Nilitaka mtungi wa kilo 13 usiingie ndani kabisa. Wakaujengea sanduku la chuma ubavuni, lenye mlango wa kufungukia nje tu, ukuta wa ndani umezibwa kila upenyo, na matundu ya hewa yako kwenye sakafu ya sanduku ili gesi ikivuja imwagike nje. Bomba linaloingia jikoni limefungwa kwa vibanio kila hatua lisisuguane na chuma, na kuna koki ya pili karibu na mkono wangu. Tulipomaliza tulipaka povu la sabuni kila kiungo, tukakaa tukitazama kama kuna kipovu kinachokua. Mafundi wote walisimama pale wakitazama nami. Anayekuuzia gari la kulala lenye mtungi chini ya meza, ondoka.

Kwenye uzito Mzee ana msimamo na hayumbi. Granaiti hapandishi ndani ya basi kwa pesa yoyote. Mbao za mbambakofi vilevile, ingawa seremala wa Lamu macho yalimwenda kwake. Makabati yangu ni saipresi na plaiwudi nyepesi, na milango ina vikomeo vya kuzuia isifunguke njiani. Maji lita 200 ni kilo 200, kwa hivyo tangi liliwekwa karibu na ekseli ya nyuma, na upande wa pili likasawazishwa na betri na vyombo. Mume wangu aliyezoea makontena anasema usukani haumvuti popote. Tangi nalijaza maji ya mfereji yanayotoka chemchemi za Mzima kila ninapoyapata. Maji ya visima vyetu vya chumvi siyapitishi kwenye pampu ile, nayatumia kwa ndoo kuoshea masufuria nje.

Ya choo na bafu ni machache: choo cha kubebeka chenye tangi lake, bafu la kusimama lenye sakafu ya fibaglasi, maji machafu yanaingia tangi la chini. Vinafanya kazi.

Haya, umeme. Gari hili ni la volti 24, na vitu vingi vya madukani ni vya volti 12, kwa hivyo haviungwi moja kwa moja. Kijana wa umeme anaijua kazi yake, waya zake ni nene inavyotakiwa, na fyuzi kuu ameiweka karibu na betri kabisa kama inavyopasa. Paneli za sola juu ya paa ni wati 400, betri ni ya lithiamu, friji inakesha bila shida. Lakini amekuja mara anapotaka, amefunga mara anapokumbuka, na sanduku la fyuzi amelificha nyuma ya kitanda bila hata lebo moja. Siku taa za jikoni zilipozimika Watamu, saa tisa usiku, nyama iko kwenye viungo, mume wangu alilazimika kubomoa godoro na kujaribu fyuzi moja moja kwa tochi ya simu. Hili silikubali. Waya ambazo mtu mwingine hawezi kuzisoma ni kazi nusu, na nilimwambia Mzee hivyo hivyo mbele ya vijana wake. Alikubali bila ubishi.

Na paa lilivuja kidogo juu ya mlango masika yalipoanza. Tuliporudi walilimwagia maji kwa mpira mpaka wakaona tone linakotoka, ilikuwa riveti mbili chini ya mfereji wa mvua, wakazitoa, wakaziba upya. Hawakudai kitu. Ningependa mtihani ule wa mpira wangeufanya kabla ya kunikabidhi gari.

Muda wao hauaminiki. Waliahidi kumaliza kabla ya Ramadhani, na Idi ikapita. Ila sikuwahi kufika nikakuta gari limekaa bure. Kila jioni nilitumiwa picha kwenye WhatsApp, chuma kilichotoka na chuma kilichoingia, na pesa nililipa kwa hatua kwa M-Pesa, kila hatua na karatasi yake. Malipo ya hatua inayofuata hawayaombi mpaka uje uione iliyokwisha.

Karatasi za serikali ni juu yako. Kitabu cha gari kinaonyesha rangi na aina ya bodi, na vyote viwili vimebadilika, kwa hivyo kuna ruhusa na ukaguzi wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Zungumza nao kabla ya kung'oa kiti cha kwanza. Kampuni ya bima nayo iambie gari limekuwa nini. Kadi ya bima ya basi la shule haitakufaa siku ya ajali ukiwa na jiko na kitanda ndani.

Tangu tulichukue limekwenda Msambweni kupitia barabara ya Dongo Kundu bila kupanga foleni ya feri ya Likoni, limekwenda Malindi, limepanda Mariakani, Taru na Mackinnon Road hadi Voi likiwa na mchele, masufuria na maji, na injini haikuchemka. Sakafu hailii, kabati halifunguki, na mlango wa nyuma unafunga kwa kidole. Kwa basi lililokatwa na kuunganishwa upya namna ile, mlango kufunga kwa kidole kunakuonyesha bodi imekaa sawa.

Nimewarudishia wiki hii wanitengenezee kivuli cha turubai ubavuni, cha kukunja, ili nikatekate vitunguu nje bila kuchomwa na jua. Bei tumeelewana. Sharti langu kwa Mzee ni moja: lebo ziandikwe kwenye kila fyuzi na sanduku lihamishiwe kando ya mlango kwanza, ndipo nitakapolipia hatua ya kwanza ya kivuli.