Tua ya kuonja waini Malindi, uzoefu wangu: mwalimu moto, lakini watu wamejaa mno

Wadau, kuna watu hawaishi kuniuliza inboksi kama hii tua ya kuonja waini hapa Malindi inafaa ama ni kula pesa za watu tu, sasa wacha niandike mara moja niwamalize wote. Inafaa, tena sana, kwa sababu ya yule dada anayefundisha. Lakini usitume pesa kabla hujauliza siku hiyo mtakuwa wangapi.

Sie tulipakiwa van mbili, karibu watu ishirini, kuna Wataliano wazee wa kule Casuarina, wadada wa Nairobi wamekuja likizo, halafu sie wenyeji. Elfu saba kwa kichwa, hapo kuna usafiri, sehemu tatu za kuonja na vitafunio. Huo usafiri usiudharau, maana kuonja ni kunywa hata ukiuita jina gani, na alkoblo, kile kipima pombe cha polisi barabarani, haijui kama ulikuwa unasoma.

Sehemu ya kwanza ndiyo iliyobeba siku nzima. Mkahawa wa Kitaliano upande wa Silversands, upepo unaingia vizuri, na huyo dada ni Mgiriama, anaruka kutoka Kiswahili kwenda Kitaliano hata hahemi. Kabla hajagusa chupa yoyote akatoa kishada cha zabibu nyeusi, zile zile za supamaketi, akampa kila mtu punje moja, akasema msile, kamueni kwenye kisosi. Tukakamua. Juisi ikatoka haina rangi, kama maji yamechanganywa na sukari. Akatuuliza, haya, sasa waini nyekundu wekundu wake unatoka wapi? Wazee wa Kitaliano wanacheka tu chini chini, sie tunaangaliana. Kumbe rangi iko kwenye ganda! Wanaacha maganda yalowe pamoja na juisi siku kadhaa, ama hata wiki, ndio inashika rangi pamoja na ule ukakasi unaokausha ulimi ambao wanauita tanini. Ukiyatoa maganda mapema, zabibu nyeusi inakupa waini nyeupe kabisa, na shampeni nyingi ndani yake kuna zabibu nyeusi, mie hilo nilikuwa sijawahi kulisikia.

Halafu akasema hizi tunazonunua ni za kula, za waini ni kitu kingine, punje ndogo, ganda nene, mbegu tele, na utamu umezidi, maana hiyo sukari ndiyo hamira inaila na kuigeuza pombe. Hapo watoto wa Kilifi tukaelewa kabla hajamaliza sentensi, si ni kama mnazi tu, ukigemwa asubuhi ni mtamu mtoto anaweza kunywa, jioni umeshakolea, na ukiuacha siku mbili tatu una siki ya kachumbari.

Mtu akauliza swali nililokuwa nalo mdomoni, mbona sie hapa hatupandi mizabibu? Akajibu kwamba mzabibu unataka kulala, Ulaya baridi inaulaza miezi kadhaa, hapa pwani utaendelea kutoa majani tu, halafu huu unyevu wetu unaleta ukungu unamaliza vishada. Ndio maana zabibu za waini za Kenya zinalimwa Naivasha, karibu mita 1,900 juu ya bahari, usiku unavaa sweta. Na Dodoma kule Tanzania wanakolima zabibu je, si kuna joto? Kuna joto lakini ni kukavu, mkulima anaupogoa mzabibu kwa mpango, anavuna mara mbili kwa mwaka. Ulaya wanavuna mara moja tu.

Tulionja Prosecco, ile ya Kitaliano yenye mapovu, Chenin Blanc nyeupe ya Afrika Kusini, na nyekundu mbili, Pinotage na Primitivo. Pinotage imeniingia kwa sababu ya hadithi yake, ni zabibu iliyozalishwa Stellenbosch, Afrika Kusini, mwaka 1925, profesa Perold alichanganya zabibu mbili, Pinot Noir na Cinsaut, yaani ni ya Afrika hii hii, haikuja na meli. Kwenye Primitivo ndio kukawa na sinema. Mzee mmoja wa Puglia, kusini mwa Italia, aliposikia kwamba hiyo zabibu ya kwao ndiyo ile ile ya California inayoitwa Zinfandel, mikono juu, no no no, dada akamjibu kwa Kitaliano taratibu kabisa kwamba vipimo vya DNA vimeshaonyesha hivyo na asili yake ni Kroatia, ng'ambo tu ya bahari yao. Mzee akashika glasi akanywa kimya.

Sasa malalamiko. Sehemu ya pili, Watamu, chupa za nyekundu zilikuwa zimepangwa juu ya kaunta, na hili ni jua la kaskazi jamani, waini imekuwa vuguvugu, ukinusa ni pombe tu inakupanda puani. Dada alikuwa ametufundisha nyekundu inataka nyuzi 16 hadi 18, kule sehemu ya kwanza waliitia friji kidogo kabla hatujafika, hapa weita anatuambia nyekundu hainywewi baridi. Labda huko Ulaya ambako nyumba zina baridi, si Watamu mwezi wa pili. Na chupa ile ile kugawa watu ishirini, wengine tulipata ya kulowesha ulimi. Ndoo za kutemea zilikuwepo lakini sikuona Mkenya hata mmoja akitema kitu alichokilipia, kwa hiyo kufika sehemu ya tatu kelele ni za harusi, dada anaongea na waliokaa mbele tu, sie wa nyuma hatukusikia chochote. Chakula cha huko lakini nakisifu, samaki wa kupaka na ile Chenin Blanc, uchachu wake unakata nazi vizuri sana.

Kitu kingine, shoga yangu hanywi, alikuja kwa ajili ya somo na chakula, akalipishwa elfu saba zile zile halafu akapewa juisi ya boksi. Hiyo si haki, wangempunguzia.

Nimeshawauliza, wanayo pia ya jioni, watu wasiozidi wanane, sehemu moja tu, dada ni huyo huyo, bei inapanda mpaka elfu tisa. Hiyo ndiyo ningewaambia mwende, na mkibuku waambieni kabisa nani hanywi na muulize kama nyekundu inatiwa friji kwanza.