Kitabu Teule au cha Kujichagulia?

Kitabu teule, yaani kile ambacho wanafunzi wote hupangiwa kusoma shuleni, kina faida kubwa: darasa zima linasoma riwaya ileile, hivyo wanafunzi wanaweza kubishana kuhusu mhusika, na mtoto hufikishwa kwenye tamthilia au diwani ambayo mwenyewe asingeigusa. Tatizo ni mtihani. Kabla mtoto hajacheka wala kuhuzunika, ameshaulizwa dhamira, maudhui na tamathali za semi. Wengi hukariri mwongozo tu. Kitabu chenyewe hawakifungui. Hilo linaniuma sana.

Cha kujichagulia humpa mtoto haki ya kukiacha katikati, au kurudia ukurasa alioupenda. Ila anaweza kuganda kwenye aina moja ya hadithi, na pasipo maktaba uhuru huo haupo. Mimi ningechagua orodha fupi ya vitabu ambamo mtoto achague mwenyewe, pamoja na kipindi cha kusoma bila maswali.