Gereji iliyogundua petroli kwenye oili ya pikipiki yangu, Njombe mjini

Nimekaa wiki sita kabla ya kuandika hii maana nilitaka kwanza nione kama ugonjwa utarudi, na haujarudi, kwa hiyo naandika.

Naendesha boda hapa Njombe mjini, pikipiki ya 150, ya kabureta, ina miaka minne. Mwezi wa sita nikaanza kuona kitu ambacho mwanzoni kilinifurahisha kabisa, kila nikichomoa kijiti cha oili asubuhi kimo hakishuki, wiki inayofuata kimepanda kidogo, inayofuata tena kimevuka alama ya juu. Kijiweni wakaniambia una bahati, injini yako haili oili. Nikaamini. Baadaye eakilina (chujio la hewa) ikaanza kulowa oili, nikapeleka gereji moja (siitaji jina), wakaona inatokea kwenye ule mpira unaotoka kwenye injini kwenda eakilina, wakauchomoa wakauziba kwa bolti, wakasema tayari kaka. Kweli eakilina ikakauka, ila siku ya tatu sili ya sproketi ya mbele (mpira unaozuia oili isitoke pale mnyororo unapoanzia) ikaanza kudondosha oili, gia zikawa zinaingia kwa kelele, na ikipata moto inasitasita na kutoa moshi mweusi. Gereji ya pili wakasikiliza dakika moja tu wakasema ringi za pistoni zimekufa, tunachonga bloku, pistoni mpya, andaa 130,000. Hiyo ni hesabu ya bosi ya zaidi ya wiki mbili jamani.

Ndo nikaelekezwa kwa huyu fundi, nyuma ya soko, chini ya mti, mzee wa makamo hivi. Sasa nawaambia nilichokiona. Hajashika spana. Kachomoa kijiti, kakinusa, kaninyooshea na mimi ninuse, nikanusa nikaona kabisa hii ni sheli. Akaniambia, "Dogo, oili haizai. Ukiona inaongezeka ujue kuna kitu kinaingia." Nikamwambia shikamoo mzee, basi ngoja nipige kiki usikilize mlio, akanikataza kwa ukali kabisa, kwamba kama petroli imejaa hadi juu ya pistoni ukipiga kiki unaweza kukunja konrodi, kile chuma kinachoshika pistoni, kimiminika hakibonyei kama hewa. Kijana mmoja alikuwa anakuja na sigara akamfukuza kwanza ndo akaendelea.

Akachana karatasi ya daftari, akadondosha tone la oili mpya na pembeni tone la oili yangu. Ile mpya ikakaa palepale nzito. Ya kwangu ikakimbia, ikaacha duara kubwa lililolowa pembeni kama mtu kamwaga mafuta ya taa. Halafu akamwaga oili yote kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu. Injini yangu inakula lita moja. Ile chupa ilijaa ikabaki vidole viwili tu kufika shingoni, nyepesi inaruka kama chai, na mwezi mmoja tu uliopita nilikuwa nimeweka oili nzito ya 20W-50. Na huo ndo uji niliokuwa nasagia gia na shafti ya vavu siku nzima nikipanda milima na abiria wawili.

Akafungua kabureta, akaigeuza kichwa chini ili floti (boya la ndani) ilalie sindano inayofunga petroli kikombe kikijaa, akapuliza kwa mdomo kwenye mrija wa petroli. Hewa ilitakiwa igome, ikapita. Sindano ya floti ilikuwa na mfereji kwenye ncha yake, unauhisi hata kwa ukucha, na kwenye kikombe kulikuwa na vumbi la kutu la tangi. Filta ya petroli haikuwepo kabisa, sijui nani aliitoa. Kwa hiyo ilivyokuwa ni hivi, usiku pikipiki imelalia stendi ya mguu mmoja, koki ya petroli mi nilikuwa sifungi, sindano haizibi, petroli inajaa kikombe inapitiliza, na mrija wa kumwaga ziada ulikuwa umezibwa na tope kwa hiyo haikudondoka chini ningeiona, ikaingia njia ya silinda, vavu ikiwa imesimamia wazi inashuka, inachuruzika pembeni ya ringi taratibu mpaka kwenye oili. Asubuhi kijiti kimepanda na sisi tunapongezana.

Ila kilichomkasirisha zaidi yule mzee ni ile bolti. Alinieleza vizuri nikaelewa. Pistoni ikishuka inasukuma hewa iliyo chini yake, na silinda ikiwa moja hakuna pistoni nyingine inayopanda muda huohuo ya kupunguza, kwa hiyo hewa inataka mlango, na kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika hiyo ni mara 100 kila sekunde. Juu ya hapo kuna moshi wa mlipuko unaopenya kwenye ringi hata injini ikiwa mpya, umebeba mvuke wa maji na wa petroli. Vyote hivyo vinatoka kwa ule mpira, vinaenda eakilina vikachomwe upya. Ukiziba, presha inatafuta pengine, ndo maana sili ikasalimu amri, na ule mvuke unabaki humohumo kwenye oili. Oili iliyokuwa inalowesha eakilina haikuwa ugonjwa wa mpira, kimo kilikuwa kimezidi tu.

Alipouchomoa ule mpira ndani kulikuwa na uji mweupe kama mtindi. Akasema huo ni maji na oili, na kwa Njombe anauona sana mwezi wa sita na wa saba. Mji uko karibu mita 2,000, asubuhi baridi inakata vidole, tunavuta choki (ya kuongeza petroli injini ikiwa ya baridi) muda mrefu, halafu safari zetu fupifupi, stendi hospitali stendi, injini haipati moto wa kutosha kukausha maji wala petroli. Na hewa huku ni nyepesi kwa hiyo kabureta iliyopangwa kwa Dar inatoa petroli nyingi kupita hewa. Hapo kanipunguzia petroli kidogo, nimeona tofauti.

Bei sasa. Ufundi 20,000, sindano na gasketi 7,000, filta 2,000, sili 5,000, oili ya bei rahisi ya kusuuzia 9,000 (aliiweka akaiwasha dakika kumi bila kuendesha akaimwaga), na oili nzuri 14,000, yenye maandishi JASO MA, alama ya oili ya pikipiki, maana klachi yetu inaogelea kwenye oili hiyohiyo na oili nyingi za gari zinaitelezesha. Jumla 57,000. Ringi hajagusa. Oili chafu huwa anawapa watu wapake nguzo za uzio mchwa wasile, ya kwangu akaiweka dumu la peke yake kwa sababu ya petroli, nilimheshimu sana kwa hilo.

Mabaya yapo. Foleni ndefu, nililaza pikipiki siku moja nikakosa hela ya siku nzima, simu hapokei akiwa kazini, risiti hakuna. Na lile eneo ni wazi mno, upepo ukivuma vumbi linakuja wakati injini iko wazi, anafunika kwa kitambaa lakini pale panahitaji turubai, nilimwambia.

Wiki sita sasa. Koki nafunga kila usiku, choki naondoa mapema, na kila asubuhi kabla ya kiki nachomoa kijiti nanusa. Kimo kiko katikati ya alama, leo nacho kimeshuka kama unene wa sarafu, na sili imekauka kabisa.