Mlango wa barazani: inama uangalie reli kabla hujatoa hela

Usiku wa kuamkia Krismasi nilipiga magoti sebuleni kwangu Isyesye nikiwa na mataulo matatu, ndoo na sponji ya kuoshea vyombo. Mvua ilikuwa inapiga kutoka upande wa mlimani, na mlango wangu wa barazani, ule mpana wa kuslaidi, yaani wa kuteleza pembeni, wa alumini ya kahawia wenye kioo cha tinti ambao kila mgeni alikuwa akiusifia, ulikuwa unaingiza maji. Hayakupita chini ya fremu wala hayakutoka darini. Yalipanda ndani ya reli, ile njia ya chini ambamo mlango unateleza, taratibu kama maziwa yanayotaka kuchemka, yakafika ukingoni, yakamwagikia vigae, yakaingia chini ya zulia na kulifuata begi la shule la mtoto.

Asubuhi nikampigia fundi. Akaniamkia vizuri, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Ila mama, hiyo mvua ilikuja na upepo."

Jamani. Mbeya hii, mvua huwa inakuja na nini?

Mlango ule ulinila shilingi milioni moja na laki mbili, nauli ya kuuleta mbali. Tangu nianze kusimulia kisa hiki kwa watu, nimegundua siko peke yangu. Dada mmoja wa Njombe ameniambia mlango wake unapuliza baridi miguuni hadi amehamishia kochi upande wa pili. Wa Gangilonga, Iringa, maji hayamsumbui sana, anafagia vumbi ndani kila jioni ya Septemba. Shangazi yangu wa Tukuyu ameacha kabisa kutandika zulia.

Kwa hiyo leo siongelei rangi wala kioo kipi kinapendeza na pazia. Hayo fundi atakuonyesha kwenye simu yake hadi uchoke. Naongelea sentimita tano za chini kabisa za mlango, ambazo sijawahi kuona mnunuzi akiziinamia, na mimi nikiwemo.

Reli ni mfereji

Mlango wa kuslaidi hauzuii maji, unayapokea. Mvua inapiga kioo, maji yanateremka na kuingia kwenye reli ya chini, maana mlango lazima uachiwe nafasi ya kuteleza. Hilo siyo kosa. Waliobuni mlango huo walilijua, ndiyo sababu reli inatakiwa itobolewe upande wa nje maji yatoke, na ukingo wake wa ndani uwe mrefu kuliko wa nje.

Tatizo ni upepo. Ukisukuma, unayazuia maji yasitoke na kuyapandisha juu. Upepo wa kilomita 50 kwa saa unaweza kuyashikilia maji kwa kimo cha karibu sentimita moja, na wakati huohuo mvua inaendelea kumimina mengine. Ukingo wa ndani wa reli yangu ulikuwa sentimita moja na nusu. Matundu ya kutolea maji yalikuwa sifuri. Juu ya hapo, fundi alipaka silikoni upande wote wa nje ili paonekane pasafi, halafu mtu wa vigae naye akaja kusawazisha na simenti. Nilikuwa nimenunua beseni la futi nane.

Sasa fanya hivi. Nenda karakana na chupa ya maji ya lita moja. Mwambie fundi ailaze fremu kama itakavyokaa ukutani, kisha mimina maji yote ndani ya reli. Yanatakiwa yaanze kutoka upande wa nje papo hapo. Yakituama, mwambie atoboe mbele yako, na asitumie ile biti nyembamba ya skrubu, kwa sababu tundu dogo linazibwa na tone lenyewe. Mimi nataka mpasuo wa kama sentimita mbili na nusu, angalau mmoja kila upande na mwingine katikati. Akikuuliza kwa mshangao unafanya nini na hiyo chupa, hapo umeshamjua ni fundi wa aina gani.

Na sakafu ya baraza iwe chini kuliko ya ndani, japo sentimita tano, ikiwa na mteremko wa kwenda nje. Najua watu wanapenda vigae vinyooke kutoka sebuleni hadi barazani kama hotelini. Wenye hoteli hizo wana mtu wa kupiga deki usiku.

Namba moja: mbao ngumu, milango miwili ya bawaba

Sasa niipange milango yenyewe, kuanzia ninaouamini zaidi. Naweka wazi kwamba nina upendeleo. Baada ya Krismasi ile niliung'oa wa kuslaidi nikaweka milango miwili ya mninga inayokutana katikati, yenye vioo, inayofunguka kwa nje. Inayofunguka nje ina faida ambayo wengi hawaifikirii: upepo ukisukuma, unaugandamiza mlango kwenye fremu badala ya kuuachanisha nayo. Mvua inavyozidi hasira, mlango unazidi kubana.

Chini kuna kizingiti kilichoinuka, na kwenye kila mlango kuna kipande cha mbao kilichotokeza nje kwa mteremko. Chini ya hicho kipande fundi seremala alichonga mfereji mwembamba kama unene wa penseli. Nilimuuliza wa nini. Akachukua kikombe cha chai yake iliyopoa, akaimwaga juu ya ubao. Chai ikateremka, ikafika kwenye mfereji, ikashindwa kuuvuka, ikadondoka chini palepale. "Bila huu," akasema, "maji yanatambaa chini kwa chini mpaka ndani." Mzee yule hana hata bango la karakana.

Halafu kuna baridi. Alumini inapitisha joto zaidi ya mara elfu moja kuliko mbao. Mwezi wa saba mjini Mbeya, mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, hiyo unaisikia kwenye vidole ukishika fremu saa kumi na mbili asubuhi. Kwa ndani inatoka jasho, jasho linateremka kwenye reli, na tumerudi kwenye beseni letu. Mninga hautoi jasho.

Mbao zina masharti yake. Mninga au mkongo uwe umekauka kwelikweli, kwani mbao mbichi itapinda na kuacha mwanya wa kupitisha kalamu. Nunua mapema, zipange chini ya paa huku umeweka vipande katikati hewa ipite, halafu zivumilie. Mkongo ni mgumu zaidi na unakula misumeno, mafundi watanung'unika. Mninga unatulia, hautanuki wala kusinyaa sana majira yakibadilika, na mchwa hawaukimbilii. Dai nyaraka za mbao, usije ukasimamishwa kizuizini ukiwa na mzigo wa Chunya usio na muhuri. Na kwa kuwa bawaba ziko nje, tumia zile ambazo pini yake haichomoki, au weka grili kwa ndani. Mwizi naye anasoma mlango kabla ya kuugusa.

Kitasa ni Union, sina mjadala. Union hawajanilipa hata shilingi, wala hawanijui. Nyumba ya wazazi wangu Mbalizi ina kitasa cha Union ambacho kimefunguliwa na kufungwa na watoto saba, wajukuu na wapangaji, na bado ufunguo unazunguka bila kubembelezwa. Mimi nimeweka cha levo tatu, yaani vibao vitatu vya ndani vinavyoinuliwa na ufunguo, pamoja na komeo juu na chini kwenye mlango usiofunguliwa kila siku. Ila angalia, vya bandia vimejaa. Kishike mkononi: kikiwa chepesi kama boksi lake, kirudishe. Niliwahi kuuziwa kimoja ambacho herufi za jina zilitoka na kucha.

Namba mbili: alumini ya bawaba

Kama mninga umekushinda bei, au eneo lako ni la jua kali na hutaki kazi ya kupaka vanishi mara kwa mara, chukua alumini, lakini ya bawaba, siyo ya kuslaidi. Inabana kwenye mpira pande zote nne, na hilo ndilo vumbi la Iringa linaloliogopa. Ule wa kuslaidi unategemea manyoya, zile brashi ndogo za pembeni, na manyoya yakishalala hayaamki tena.

Jambo la kuuliza ni unene wa alumini yenyewe. Minya ukuta wa fremu kwa kidole gumba pale ilipokatwa. Ikibonyea, ni ya kutengenezea fremu za picha. Zipo pia alumini ambazo kipande cha nje na cha ndani vimetenganishwa na ukanda wa plastiki ili baridi isivuke. Mtu wa Njombe, Makete au Mafinga akizipata, atafute hela. Ukikosa ukanda huo, hata kioo cha safu mbili hakitaizuia fremu kutoa jasho.

Namba tatu: uPVC

Hii plastiki ngumu ni nyeupe, haipitishi baridi, haiozi, haitaki rangi. Pembe zake zinaunganishwa kwa kuyeyushwa kwa moto, siyo kwa skrubu, kwa hiyo maji hayapati pa kupenya. Ndani lazima iwe na chuma cha kuikaza. Gonga, kisha omba kuona pale ilipokatwa. Ingekuwa juu zaidi kwenye orodha yangu, ila huku kwetu mafundi wake ni wachache. Bawaba ikilegea unasubiri mtu apande basi kutoka Dar, na gharama zake ni zako.

Namba nne: alumini ya kuslaidi

Bado ina nafasi yake: baraza jembamba, au mahali paa limetokeza mita mbili hivi na mvua haifiki. Pima kwa chupa. Rola, vile vigurudumu vya chini, ziwe za kuweza kubadilishwa bila kung'oa mlango. Na kabla mvua za Novemba hazijaanza, chukua mswaki wa zamani usugue reli yote, maana vumbi la Agosti na Septemba likikutana na maji linageuka udongo wa mfinyanzi ndani ya matundu.

Chuma na kioo: kinadumu, kina kutu na kina baridi ya mochwari. Paini ya Sao Hill ninaiheshimu kwenye kenchi. Kwenye mlango unaopigwa mvua, hata ile ya dawa, itakupa misimu michache. Milango ya kukunja yenye vipande vinne au sita sitaki hata kuisikia, kila kiungo ni mwanya.

Kuhusu hawa wauzaji

Kwanza kioo cha tempa, kile kilichopikwa kwa moto ili kiwe kigumu. Kila duka linauza tempa siku hizi. Kioo cha tempa kikishapikwa hakikatiki tena. Kinaagizwa kwa kipimo kamili, na ukijaribu kukikata kinasambaratika kuwa punje punje kama chumvi ya mawe. Mimi nilisimama Mwanjelwa nikamwona kijana anapima, anachora kwa kisu cha almasi, anavunja, "Tempa hiyo dada, mili sita." Nikamwambia ahsante. Akaniuliza kama nataka na ya dirisha.

Halafu skwea mita. Mlango wako una skwea mita tano kasoro, wanakuandikia tano na nusu "kwa ajili ya wasteji". Vile vipande vilivyobaki ukivitaka, vimeshapotea. Unakuta baadaye dirisha la choo la jirani limetengenezwa kwa alumini ya kahawia kama yako.

Halafu swali lao tamu: "Bei ya risiti au bila risiti?" Ukitaka risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, unaongezewa asilimia 18 palepale, kana kwamba bei waliyokutajia mwanzo ilikuwa ya ndugu. Usipoichukua, siku mlango unavuja huna hata karatasi ya kuonyesha kwamba mliwahi kukutana. Mimi sikuichukua. Niliokoa laki mbili na ushee, nikaona nimewazidi akili.

Na advansi. Usitoe zaidi ya nusu. Mwenye hela yako yote simu yake inaishiwa chaji kila siku. Bakiza kitu cha maana hadi mvua ya kwanza ipite, muandikishane. Mzee wangu wa mninga alikubali bila neno. Wa alumini niliyemwomba hivyo alicheka, akasema, "Sasa mama, mvua ni mali ya Mungu, mimi nitailipiaje?"

Ule mlango wangu wa kahawia nimemuuzia kaka mmoja wa Uyole anayefungua duka la nafaka. Nilimpunguzia sana. Alipokuja na guta kuubeba nikamwonyesha reli, nikamwambia kabla hajaufunga amwambie fundi wake atoboe matundu upande wa nje. Akainama akaitazama muda mrefu, akapitisha kidole kwenye ukingo, akaniangalia.

"Matundu ya nini tena, dada? Si maji yataingia?"