Faiba ya mtaani hapa Mji wa Kale: waya safi, mauzo ya kubabaisha

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi, kwa hivyo nikisema net ni nzuri au mbovu sizungumzii TikTok. Nazungumzia faili la gigabaiti 4 ambalo bwana harusi yuko Dubai analisubiri leo leo. Kampuni ninayoitumia ni ndogo, ya hapa hapa kisiwani Mombasa, inaleta intaneti ya faiba, yaani waya wa kioo unaopitisha mwanga, na jina naliacha. Kifurushi changu ni cha mega 10, shilingi 2,000 kwa mwezi, kufungiwa bure.

Kijana wa mauzo alinijia na maneno matamu: "Dada, hii mega kumi, sinema nzima dakika mbili!" Wapi! Mega anazouza ni megabiti kwa sekunde, ilhali faili kwenye kompyuta hupimwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Kwa hivyo mega zake 10 ni megabaiti 1.25 kwa sekunde, tena laini ikiwa haina msongamano. Sinema ya gigabaiti moja ni dakika 13 hivi. Faili langu la harusi, karibu saa nzima.

Hata hivyo nilijiunga, kwa sababu moja tu: kasi ya kupakia (kutuma faili) ni sawa na ya kupakua (kupokea). Laini niliyokuwa nayo mwanzo ilipakua vizuri sana, lakini kupakia ilikuwa mega 2, na faili lile lile lilikula saa nne na zaidi. Matangazo hutaja kasi ya kupakua peke yake. Kama unawapelekea wateja kazi mtandaoni, iulizie hii nyingine kabla hujatoa pesa.

Fundi naye alikuwa mtu mwengine kabisa. Alivuta waya mwembamba kutoka kwenye nguzo hadi roshani, akaumenya, akaukata ncha, kisha kabla ya kuuchomeka kwenye ruta akapima nguvu ya mwanga unaofika. "Bi, hii hasi 19, safi. Ikishuka ikafika hasi 27, nipigie, usingoje ikatike." Akanionyesha na ile taa ya LOS: ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki kwenye ruta, na kuzima na kuwasha hakusaidii kitu.

Waifai ndani ya nyumba ni hadithi nyengine, na hapo siilaumu kampuni. Kuta zetu ni za matumbawe na chokaa, nene. Masafa ya gigahertzi 5 yana kasi lakini yanaishia chumba kile kile chenye ruta, ya 2.4 yanashuka hadi jikoni kwa mama, japo yanafika yamechoka. Kompyuta ya kazi nimeichomeka waya moja kwa moja.

Mdogo wangu anacheza mpira mtandaoni na kila siku ananisukuma ninunue mega 20 ili mchezo usikwame. Haitamsaidia sana. Feri ya Likoni ukiifanya kubwa itabeba magari mengi zaidi, lakini muda wa kuvuka ni ule ule. Anachokilalamikia yeye ni muda wa kuvuka. Watu hudhani kwa kuwa kebo za baharini zinatua hapa Mombasa (TEAMS kutoka Fujairah na Seacom zote zilifika 2009) basi sisi kila kitu kiko karibu. Mwanga ndani ya kioo huenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, na seva (kompyuta inayoendesha mchezo) ikiwa Ulaya, lazima data iende huko na irudi. Nikipima muda huo wa kwenda na kurudi kwa seva ya Nairobi napata milisekunde kumi na kitu. Ya London, zaidi ya mia.

Sasa lawama. Lori liling'oa waya mtaani, LOS ikawa nyekundu, nami nikapiga simu huduma kwa wateja. Dada wa simu akaniambia nizime ruta niwashe. Nikamtajia taa, akarudia yale yale kama anayesoma karatasi. Ilikuwa Ijumaa; fundi alikuja Jumamosi jioni, akaunga waya chini ya nusu saa. Siku iliyopotea hawakunirudishia hata shilingi.

Nawapa nyota nne kwa waya na fundi, mbili kwa simu. Mwezi ujao naendelea nao, na kijana wa mauzo akija tena namwelekeza kwa mdogo wangu.