Kadi za kupanga sentensi za Kiingereza: nunua, ila ongezea zako

Pakiti hizi zinamfaa mwalimu wa darasa la tatu au la nne ambaye wanafunzi wake wana maneno mengi ya Kiingereza lakini hawajui kuyaunga. Katika tuliyoikagua, nomino ni za bluu, vitenzi vyekundu, vivumishi vya njano. Rangi ndizo zinazobeba kazi. Mtoto aliyezoea "mbwa mkubwa" hupanga "dog big"; akishajua kwamba njano hutangulia bluu, hujisahihisha bila kusubiri mwalimu.

Upungufu wake ni mkubwa, na uko palepale watoto wetu wanapokwama. Kuna "a" mbili na "the" mbili tu, hakuna kadi ya "s", hakuna nukta. Kitenzi cha Kiswahili hubeba nafsi ndani yake, kwa hiyo mtoto huandika "The boy he run" akiona yuko sawa kabisa. Kata mwenyewe "a" na "the" kumi kumi, "s" nyembamba za kubandika mwishoni mwa kitenzi, na nukta moja kwa kila kundi. Manila moja ya A1 hutoa kadi 88 za sentimita 10 kwa 5. Zifunike kwa selotepu pana, la sivyo jasho la mikono litazimaliza mapema.

Kasoro nyingine: maneno yote yamechapwa kwa herufi kubwa, na watoto huyanakili vivyo hivyo daftarini. Geuza kadi, andika upande wa pili kwa herufi ndogo, kisha tengeneza chache za kuanzia sentensi, kama "The" na "My".

Mchezo wenyewe uwe wa watoto wanne. Mmoja anachagua nomino, wa pili kitenzi, wa tatu anapanga, wa nne anasoma kwa sauti. Kisha kadi zinafunikwa na kila mmoja anaandika sentensi ile kwa kumbukumbu. Alama zitolewe kwa kilichoandikwa. Ukimzawadia aliyewahi kupanga, utapata watoto hodari wa kusukuma kadi ambao daftari zao ni tupu.

"Am", "is" na "are" ziweke kando mpaka "The boy runs" izoeleke. Zikiwa mezani tangu mwanzo, kila kitenzi kitatanguliwa na "is".