Miezi kumi na paneli za sola juu ya guta langu la umeme

Swali ninaloulizwa kuliko yote kijiweni ni hili: "Hizo sola zinalipa?" Nikijibu "ndiyo", nadanganya. Nikijibu "hapana", nadanganya pia. Acha nieleze nilivyoona mwenyewe, maana pesa ni yangu na daftari la hesabu ninalo.

Nafanyia kazi Dodoma. Guta langu ni la umeme, magurudumu matatu, la kubebea mizigo. Chini ya bodi kuna betri sita za asidi, kila moja volti 12 na ampea-saa (Ah) 100. Ukiziunga zote unapata volti 72, na kwenye karatasi hizo ni uniti saba na ushee za umeme. Barabarani si saba. Betri za asidi ukizikamua mpaka tone la mwisho unaziua, kwa hiyo mimi natumia kama uniti tano tu, halafu nasimama. Nikiwa na magunia matano ya viazi, hizo tano zinanifikisha kilomita 55 hivi. Siku ya kazi nyingi, saa kumi jioni guta limeshaanza kuvuta miguu na mimi bado nina watu wananipigia simu.

Kilichonisukuma hasa ni Jumatatu ya Pasaka, Aprili 1, 2024. Nilichomeka chaji usiku kama kawaida, nikalala. Usiku huohuo Gridi ya Taifa ikapata hitilafu, nchi ikazima. Asubuhi nikakuta betri ziko nusu na mteja wa nyanya anasubiri sokoni Majengo. Tulikuwa tumetoka kwenye miezi ya mgawo wa umeme, nimechoka. Nikasema basi, jua la Dodoma lipo bure, ngoja nilivune.

Gharama zilikwenda hivi. Paneli mbili za wati 200, kila moja 135,000. Fremu ya bomba za mraba pamoja na kuchomelea, 190,000. Nyaya, soketi za paneli na kikata umeme, 50,000. Fundi 45,000. Kontrola ya chaji, kile kifaa kinachosimamia umeme wa paneli unaoingia kwenye betri, 165,000. Jumla laki saba na elfu ishirini, ukiacha 45,000 niliyoitupa kwenye kontrola ya kwanza, ambayo inastahili maelezo yake maana naona wengi wanaingia shimo lilelile.

Fundi wa kwanza alinifungia kontrola ya kawaida, ile ya bei rahisi ya kwenye taa za nyumbani. Akaniambia, "Kaka, hii inachaji hata kwa mbalamwezi." Taa ya kijani ikawaka, nikafurahi. Wiki nzima nikazunguka na taa ya kijani na betri hazikupata kitu. Sababu ni rahisi ukishaielewa: paneli mbili ukiziunga mfululizo zinatoa volti 36 zikiwa kazini. Betri zangu zinahitaji zaidi ya volti 80 ili zikubali kupokea. Maji hayapandi mlima bila pampu. Kontrola inayotakiwa ni ile ya kupandisha volti, na imeandikwa wazi kuwa inapeleka kwenye betri za volti 72. Fundi wa pili alicheka sana, akanionyesha kwa mita ya mkononi waya kwa waya. Kama fundi wako hana mita mkononi, mpe soda umuage.

Kontrola mpya ina kioo kinachohesabu wati na uniti za siku, na hapo ndipo nilipoanza kujua ukweli. Paneli zimeandikwa jumla wati 400. Sijawahi kuziona 400. Kubwa kabisa niliyoiona ni 318, saa sita mchana, baada ya manyunyu kupita na kuziosha. Ile 400 ya kwenye kibandiko hupimwa paneli ikiwa na joto la nyuzi 25, na paneli iliyolala juani Dodoma unaweza kukaangia yai. Kadiri inavyochemka ndivyo inavyotoa pungufu, na kwa joto la nyuzi 60 umeshapoteza zaidi ya sehemu moja katika kumi. Paneli zangu kulala bapa hakuniumizi sana, kwa sababu hapa tuko nyuzi sita tu kusini mwa ikweta na jua la mchana linapita karibu utosini. Ulaya paneli iliyolala bapa inapunjika sana, sisi kidogo tu.

Kinachoniumiza ni vumbi. Paneli iliyoinama vumbi huteleza, iliyolala bapa inalifuga. Siku moja ya Agosti, saa saba mchana, kioo kilisomeka 245. Nikachukua kitambaa na chupa ya maji, nikapangusa, nikasoma tena: 290. Wati 45 zilikuwa zimekaliwa na udongo wa Nzuguni. Tangu hapo kitambaa kinakaa chini ya kiti.

Na kivuli. Kijiwe chetu kina mwarobaini mkubwa na madereva wote tunaugombania. Mimi nilifikiri nikiegesha nusu kivulini nusu juani, paneli moja itafanya kazi na mimi nitapata pa kupumzikia. Wapi! Kwa kuwa zimeungwa mfululizo, tawi moja likiangusha kivuli kwenye paneli ya nyuma, zote mbili zinalegea. Nimeona kioo kikishuka kutoka 270 mpaka 60 kwa kivuli cha upana wa kanga. Kwa hiyo wenzangu wanakaa kivulini wanacheza bao, mimi guta langu liko peke yake katikati ya uwanja kama limefukuzwa.

Kwa siku nzima ya kiangazi, nikifanya yote hayo sawasawa, napata uniti 1.1. Siku njema sana 1.5. Januari mawingu yalipotanda nilipata 0.4 siku tatu mfululizo.

Sasa hesabu. Hiyo 1.1 ikiingia kwenye betri, imeniepusha kununua kama 1.3 kwenye luku, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, kwa sababu chaja ya ukutani nayo inapoteza umeme kwa joto. Kwangu uniti moja pamoja na kodi inafika shilingi 356. Kwa hiyo paneli zinaniokolea kama 460 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi ni elfu 12. Gawanya laki saba na ishirini kwa elfu 12: miezi 60. Miaka mitano! Betri zenyewe sitegemei zifike mitatu. Mtu anayekwambia sola ya kwenye guta inalipa kwa kupunguza luku, mwombe akuonyeshe daftari.

Lakini uniti ya saa kumi jioni si sawa na uniti ya saa mbili asubuhi, na hili ndilo watu wa hesabu za harakaharaka hawalioni. Hiyo 1.1 ni kilomita 12 zaidi. Kama betri zimeisha na mteja ana mzigo wa kwenda Kisasa, hizo kilomita 12 ni safari nzima, elfu sita mkononi, si shilingi 460. Kuanzia Juni hadi Oktoba niliandika kila siku ambayo nilipata safari ya mwisho ambayo nisingeipata bila sola. Zilikuwa siku 31. Mara elfu sita, ni 186,000. Siku nyingine zote nilirudi nyumbani na chaji iliyobaki, na sola ilikuwa pambo.

Nikajiona mjanja. Halafu nikageuza ukurasa.

Fremu ya paneli ni paa. Limekaa juu ya bodi kwa kimo cha mtu aliyepiga magoti. Gunia la viazi linapita, kreti za soda zinapita, mifuko ya saruji inapita. Kabati halipiti. Godoro la sita kwa sita halisimami. Mtu anayehama chumba ndiye mteja mnono kuliko wote, anakulipa 15,000 mpaka 25,000 kwa safari moja na hana muda wa kubembelezana bei, na mimi kila akija namwambia, "Samahani bosi, hilo halitaingia." Katika miezi ileile mitano niliandika kazi 14 za namna hiyo. Ukizikadiria kwa 18,000 kila moja, ni 252,000.

Weka vizuri: safari za jioni zimeleta 186,000, luku imeokoa 60,000, kabati na magodoro yamekimbia na 252,000. Jua la miezi mitano limeniacha na hasara ya elfu sita. Na hapo sijagusa uzito: paneli na fremu zinakaribia kilo 50, nusu gunia la viazi ambalo nalizungusha mjini bure kila siku. Wala sijagusa nati. Barabara za mitaani zinatikisa kila kitu, na mwezi wa tatu tangu nizifunge nilisimama Ipagala kwa sababu paneli ya kushoto ilikuwa imebaki na boliti mbili kati ya nne.

Kitu ambacho sikukitegemea kabisa ni kivuli chenyewe. Mama mmoja anayeuza mchicha na nyanya aliliona guta siku ya kwanza akacheka, "Mwanangu, umeleta gari la bibi harusi?" Nikamwamkia shikamoo, nikacheka naye. Wiki mbili baadaye alinitafuta mwenyewe. Mchicha wake ulikuwa unafika umenyauka kwenye maguta mengine, kwangu ulifika umesimama. Sasa ananipigia simu mimi, na ameleta wenzake wawili. Hiyo biashara ingekuja hata kama juu ningekuwa nimefunga turubai la elfu thelathini, na ukweli huo unanikera kidogo.

Watu wameniuliza pia kwa nini nisiziweke paneli kwenye bati la nyumba, zilale vizuri, zisitikisike. Nililifikiria. Tatizo ni kwamba jua linapowaka guta haliko nyumbani. Ningehitaji betri nyingine za kuhifadhi, na bei ya betri hizo inazidi ya paneli zote. Kama ungekuwa na gari linalolala barabarani usiku na kukaa nyumbani mchana, weka kwenye bati bila kuuliza mtu.

Shemeji yangu yuko Houston, Marekani, ana pikapu ya umeme, Ford F-150 Lightning, na aliposikia habari hizi akataka kununua kifuniko cha bodi chenye sola. Nikamfanyia hesabu kwa simu. Lake lenye betri ndogo lina uniti 98. Sehemu ya kufunika ni kama mita tatu za mraba, tuseme inakupa uniti mbili na nusu kwa siku ya jua. Gari lile linakula karibu theluthi moja ya uniti kwa kilomita. Atapata kilomita nane! Mimi na guta langu la tope nampita. Na umeme wa kifuniko hauingii moja kwa moja kwenye betri kubwa, unapitia kwanza kwenye betri ya pembeni na kigeuzi, kisha kwenye waya wa chaji, gari likiwa limeegeshwa. Ni kujaza simtanki kwa kikombe cha kahawa. Akaniambia lakini atapata umeme wa kuchajia vifaa vya kazi. Nikamkumbusha kwamba gari lake lina soketi za umeme tangu kiwandani.

Kwenye malori makubwa kabisa kuna jaribio moja ninalolipenda. Scania ya Sweden mwaka 2023 ilitoa barabarani lori la mseto, yaani umeme na injini, lenye tela la mita 18 lililofunikwa mita 100 za mraba za paneli, hadi ubavuni. Walikadiria uniti 8,000 kwa mwaka, sawa na kilomita zipatazo 5,000 zaidi, na mara mbili yake kwa nchi ya jua kama Hispania. Angalia walichofanya: tela la boksi lina paa tayari. Hawakupoteza nafasi ya kabati la mtu. Ningekuwa na gari la boksi, hata dogo, makala hii ingekuwa fupi na ya furaha.

Novemba nilirudi kwa mchomeleaji. Alikata miguu minne ya fremu, akaichomekea kwenye bomba pana zaidi zilizobaki kwenye bodi, akaweka pini na nati za masikio. Elfu 35. Sasa watu wawili tunalishusha paa lote kwa dakika kumi, waya unachomoka kwenye soketi moja. Siku mbili za mwisho wa mwezi na mbili za mwanzo, watu wanapohama, guta linatembea wazi na paneli zimeegemea ukuta nyumbani. Kuku wa mama watoto wamezifanya banda. Desemba na Januari nimebeba makabati matano na sijakataa hata moja, isipokuwa sofa moja ambalo lisingeingia hata kwenye Fuso.

Umeme wenyewe siku hizi haukatiki kama zamani. Mitambo ya Bwawa la Nyerere iliwashwa mmoja baada ya mwingine, na ile hofu ya Pasaka iliyonifanya nitoe laki saba imepungua. Mwenzangu mmoja wa kijiweni, mwenye guta kama langu na njia fupi ya kwenda Makole na kurudi, ananisumbua nimuuzie paa lote kwa laki nne. Nimemwambia yeye halimfai, betri zake zinarudi na nusu kila jioni. Hasikii. Nimemwomba asubiri mvua ziishe mwezi wa nne, nione daftari linasema nini, na bei itakuwa laki nne na nusu.